Harusi Zilizofutwa

Wifi yangu Rabha hupiga video za harusi, upande wa wanawake tu. Hapa kwetu Tripoli kila mgeni huacha simu mlangoni, na kamera inayoingia ukumbini ni moja, ya Rabha. Mle ndani watu wanavua mabaibui, wanaachia nywele, wanacheza mpaka jasho liwatoke, kwa sababu wanajua hakuna mwanamume atakayewaona. Bibi harusi hupewa nakala yake, na nyingine hubaki kwenye kompyuta iliyo chumbani kwa Rabha. Vita vilipowatoa watu majumbani, wengi walirudi wakakuta hata mlango hakuna, wakaja kwake kuomba harusi zao. Tangu hapo hafuti kitu.

Mwezi uliopita kompyuta ile ikaanza kugonga ndani kwa ndani. Rabha akakosa usingizi. Kumwita fundi hawezi, maana mafundi wote ni wanaume, na kuziweka harusi mtandaoni hataki hata kusikia. Ilibaki kununua diski ya nje, azinakili mwenyewe kabla mashine haijakata roho. Akanikokota hadi Mtaa wa Rashid, kwenye maduka ya kompyuta.

Mwenye duka alikuwa mnene, mwingi wa maneno.

"Karibu, Bi Hajati. Unataka kuhifadhi nini, picha za familia?"

"Za familia," Rabha akajibu.

"Familia nzima ya Tripoli," nikamnong'oneza. Akanikanyaga mguu.

Yule bwana akaweka diski mbili mezani. "Hii mpya, haijafunguliwa, terabaiti mbili. Hii nyingine ina nane, bei ileile. Imetumika kidogo tu, nimeivalisha gamba jipya."

Harusi za Rabha zilikuwa karibu terabaiti sita. Nikamwambia, "Chukua ya nane, wifi, utaweka mpaka harusi za wajukuu."

"Wewe ukiona rahisi tu, akili inaruka." Akamgeukia mwenye duka. "Ilikuwa na nini kabla?"

"Sijui. Kila kitu kimefutwa."

"Kimefutwa kabisa?"

Akacheka. "Ukifuta, Hajati, unafuta jina tu. Vitu vyenyewe vipo mpaka vifunikwe na vingine. Ukija kupoteza chochote, niletee mimi, nitakurudishia. Tazama." Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akabonyeza mara mbili tatu, na picha zikaanza kujipanga kwenye kioo: mtoto na keki, sebule ya watu, mwanamke wa makamo kichwa wazi, anacheka.

"Izime," Rabha akasema. Akanivuta hadi mlangoni, mkono wake baridi. "Alhamdulillahi ile yetu ya zamani uliivunja."

Miaka minne nyuma, Rabha alipohamishia harusi kwenye diski mpya, aliifuta ile kuukuu akanipa nikaiponde kwa mchi. Mimi nikaona ni israfu, kitu kizima hivyo. Nikaipeleka kwenye duka moja mtaa huuhuu, nikabadilishana na kibodi ya binti yangu, nikarudi nikamwambia imekwisha kuwa unga. Nilidhani kilichofutwa hakipo tena. Ningeweza kunyamaza, na sijui kwa nini sikunyamaza. Nadhani ni yule mwanamke kwenye kioo.

"Wifi, sikuivunja."

Nikamweleza yote. Sisi hutukanana kila siku kwa utani, na siku hiyo ningeshukuru kupata tusi hata moja. Alirudi ndani akanunua tatu mpya zilizofungwa, akakataa mwenye duka alipojitolea kumnakilia bure, na njia nzima akatazama dirisha la teksi.

Nyumbani alizimwaga diski kitandani, akachomeka ya kwanza, akahakikisha harusi zinahama. Kisha akatoa daftari lake la majina na namba za simu za maharusi, akanipa.

"Ile diski ilikuwa na harusi mia na arobaini. Wote waambiwe."

"Wifi, wengine wana waume wakali. Na hakuna atakayekuita tena ukumbini."

"Najua." Sauti yake ilikatika kidogo. "Waliniamini. Wasikie kwetu kabla hawajasikia kwa mwanamume yeyote. Na utapiga wewe, siyo mimi."

Niliogopa kama sijawahi kuogopa, hata wakati wa mabomu. Nikafungua daftari. Mstari wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wake wa zamani, lilikuwa jina langu mimi na tarehe niliyoolewa na kaka yake. Nilicheza usiku ule mpaka kilemba kikaanguka.

Rabha alichungulia pale kidole changu kilipokuwa kimesimama.

"Huyo ameshajua," akasema. "Piga wa pili."