Soksi za Baba

Mwanangu akirudi mpirani na soksi zimelowa, harufu yake hunipeleka Msimbati, asubuhi moja ya kipupwe, mimi na mama tukitafuta pweza kwenye mwamba. Maji yalikuwa yanauma mpaka mifupani. Mama alikuwa amevaa soksi nene za baba, zile za kazi ya ulinzi, miguu isimfe ganzi.

Baba alitufuata majini akifoka. "Nani kakwambia uvae soksi zangu? Vua!"

"Nitazifua, mume wangu. Ngoja kwanza nimtoe huyu pweza."

Baba alimpiga kofi, akamkamata shingo, akamzamisha uso. Nikaiona miguu ya mama ikirukaruka ndani ya zile soksi, kisha ikaanza kutulia. Nikaokota chuma chenye ncha cha kuchomea pweza, nikamchoma baba pajani.

Alipiga yowe, akamwachia. Damu ikatanda majini.

Mama aliinuka akikohoa, akaninyang'anya kile chuma, akamwelekezea baba.

"Aliyekuchoma ni mimi. Umesikia? Mtoto hakuwepo."

Baba alinitazama, akaondoka akichechemea.

Mpaka leo kijijini wanasema mama alimchoma mumewe. Nami sijawahi kuwasahihisha.