Pikapu ya Marehemu Baba Yaenda Uroa na Kurudi

Safari hii ilitokana na maneno ya mdogo wangu, Seif. Kila akija mtaani Malindi, hapa mjini, kumtazama mama, akiiona pikapu ya marehemu baba imeegeshwa ukutani, huanza: "Chuma hiki kinakunywa mafuta kama ngamia, mama. Tukiuze." Ni kweli injini yake ni kubwa, silinda sita, na umri wake unakaribia wangu. Lakini mimi ndiye niliyefundishwa na baba kuiendesha, na sikuwa tayari kuiona ikikatwakatwa vyuma chakavu. Nikamwambia Seif aweke sharti, akaliweka mbele ya mama. Yeye mwenyewe atie mafuta, kiasi anachoona kingelitosha gari la maana. Mimi niende Uroa, nirudi mpaka mlangoni kwa mama bila kuongeza hata tone. Nikishindwa, pikapu inauzwa.

Uroa niliichagua mimi. Shangazi yetu wa huko, Bi Tatu, alikuwa anasubiri kitanda alichochongewa mjini, na nilijua kwamba nikishakishusha nitarudi mtupu, gari jepesi. Siku ya kabla ya safari nikaing'oa keria ya chuma, nikasafisha plagi, nikakung'uta chujio la hewa, nikajaza tairi upepo mpaka zikalia kama ngoma.

Malindi, asubuhi. Seif alimimina mafuta, akafunga kifuniko cha tangi, halafu akakizungushia mshipi wa kuvulia, fundo juu ya fundo.

"Fundo hili nnalijua mwenyewe, dada. Ukilifungua ntajua."

"Funga na jingine," nikamjibu. "Pengine moja halikutoshi."

Mama alicheka pale barazani, nami nikaondoka.

Kutoka Mwera hadi Dunga barabara ilikuwa tulivu. Injini kubwa haipendi kukemewa. Ukiikanyaga kwa hasira inakunywa kwa hasira. Ukipanda gia mapema na kuuacha mguu ulale, inakwenda kwa mvumo wake mzito na mafuta hayapungui hivyo. Baba alikuwa akiniambia nikanyage kama mtu anayepita juu ya mkeka wa watu. Nikiona tuta mbali, naondoa mguu mapema ili nisilazimike kushika breki. Gari ndogo zilinipita zikinipigia honi. Nilifika Uroa mshale wa mafuta ukiwa juu ya nusu, na nasema wazi, nilivimba kichwa.

Uroa. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu." Kitanda kikashushwa, nikalishwa wali na pweza wa nazi. Nilipoomba ruhusa ya kuondoka, nikakuta majirani wamekwisha jaa nyuma ya pikapu: magunia ya nazi, muhogo, mikungu ya ndizi.

"Shangazi, leo nlitaka nirudi mtupu."

Bi Tatu akanitazama kama niliyemtukana. "Mtupu? Utoke kwangu mikono mitupu, watu wanione mie vipi? Na mama yako atakula nini?"

Ningeeleza sharti, lakini nani ataeleza sharti la mafuta mbele ya muhogo uliong'olewa asubuhi kwa ajili yake? Nikashukuru. Springi za nyuma zikalala chini, na hesabu yangu yote ikalala nazo.

Chwaka. Kando ya njia walisimama akina mama waliovaa kanga za sare, wana sinia za mikate vichwani. Gari nzito inakunywa zaidi inapoanza kuondoka. Kila kusimama ni hasara. Nikawapita. Halafu nikawaona kwenye kioo, na nikakumbuka kwamba baba katika maisha yake hakumpita mtu njiani. Mguu ukashika breki.

"Tunakwenda arusini Bububu," alisema mkubwa wao, Bi Pili. "Tusitiri, dada."

"Mimi mwisho wangu Malindi."

"Malindi si karibu? Pandeni, wenzangu!"

Dunga, Mwera, Amani. Nyuma wanaimba, mbele mimi naomba dua. Tulipofika Michenzani mshale umelala kabisa. Darajani, mbele ya watu wote wa sokoni, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Nilitamani kulia. Nikashuka nikawaambia akina mama ukweli wote: sharti, fundo, na kwamba pikapu ya baba inauzwa.

Bi Pili akaweka sinia yake mbele, kwenye kiti cha kando ya changu. "Umetubeba toka Chwaka, sisi tushindwe kukubeba mpaka Malindi? Shukeni!"

Wakasukuma. Mimi nimeshika usukani, wao nyuma na vigelegele, wachukuzi wa sokoni wakaongezeka, nazi hazikupungua hata moja. Sijawahi kuendesha kwa fahari namna ile.

Malindi, mlangoni. Seif alikwisha simama. "Imeishiwa! Sharti limevunjika!"

Mama hakunyanyuka barazani. "Seif, ulisema irudi mpaka mlangoni bila kuongezwa mafuta?"

"Nlisema, mama, lakini..."

"Fundo lako limefunguliwa?"

Seif akainama, akapapasa mshipi. "Lipo."

"Basi imefika."

Nimejifunza kwamba ile injini inakunywa, sitabisha tena. Ila njia nzima nilikuwa natazama mshale, na kilichonifikisha nyumbani hakikuwa kwenye tangi. Baba aliijaza pikapu ile watu miaka yote, na kwa hiyo haikumlaza njiani. Wema hauozi.

Akina mama walikuwa wanapangusa mikono kwenye kanga. "Haya," akasema Bi Pili, akimtazama Seif, "na sisi Bububu nani atatufikisha?"

Seif akalitazama fundo lake. Akalikata mwenyewe, akachukua dumu, akaenda kutafuta mafuta.