Bualai na Mkanda Uliofifia

Mimi sisemi uongo. Naongeza chumvi tu, na kisa hiki kilikuwa na chumvi yake kabla sijakigusa.

Bualai wa kijiji chetu cha Nong Wua alikuwa msemaji wa sinema. Enzi zile picha zilikuja bubu, na mtu mmoja alikaa kando ya mashine na maikrofoni yake akawasemea wote: bwana, bibi, jambazi, mbwa, hata mvua. Mumewe Thongsai aliendesha mashine, yeye akatia sauti. Mwembamba kama ufito, lakini akinguruma kijambazi nazi zilianguka. Tatu, nimeziokota mwenyewe.

Picha iliyokuwa yao wenyewe ilikuwa moja tu, ya bibi arusi wa bwawa la mayungiyungi. Waliionyesha miaka thelathini. Wa kwanza kuipenda alikuwa Babu, mzimu anayekilinda kijiji chetu, mwenye kijumba chake kule kichakani. Ukiweka nadhiri kwa Babu na ukapata ulichoomba, ulimlipa kwa picha ile. Ng'ombe kaonekana, picha. Mke karudi, picha. Turubai jeupe la kuonyeshea lilielekezwa kwenye kijumba, maana Babu ndiye mgeni rasmi, na sisi tulikaa ubavuni tukaangalia kwa shingo zilizopinda. Ndiyo maana wazee wa Nong Wua wote tunatazama upande.

Mimi na Bualai tulikuwa na ubishi usiokwisha. Yeye alisema picha inachoka.

"Dada Lun, picha ni muwa. Ukishatafuna mara moja, yanabaki makapi."

"Makapi yako wewe," nikamwambia. "Picha ni samaki wa kuvundika. Mwaka wa kwanza ni samaki tu. Mwaka wa tatu ndiyo chakula."

Na nilikuwa na ushahidi. Mara ya kwanza nililia pale bwana arusi anapomuaga mchumba wake. Mara ya kumi nikacheka palepale nilipolilia. Mara ya ishirini ndipo nilipomwona bata, anapita nyuma yao kwenye majaruba ya mpunga, hana habari na mapenzi yao. Mara ishirini, na bata alikuwa pale siku zote.

Sasa ikaja zamu ya Wichian, mtoto wao wa pekee, kwenda wilayani kuvuta karata ya jeshi. Ukivuta nyekundu unanyolewa, unapelekwa mpakani. Ukivuta nyeusi unarudi kwa mama yako. Alfajiri moja akaenda kijumbani na maua na yai la kuchemsha, akaweka nadhiri.

Mtu mwingine angesema, "Babu, nitakuonyesha picha," akanyamaza. Lakini ulimi wa msemaji wa sinema haujui maneno makavu. Bualai akasema: "Babu, mwanangu akivuta nyeusi, nitakuonyesha picha yako kama ulivyoiona siku ya kwanza, bila kupungua hata unywele mmoja."

Wichian akavuta nyeusi. Vijana wenzake wakamrudisha kwa ngoma, wakamnywesha pombe ya mchele, akalala ndani ya bwawa la nyati mpaka jua la saa tatu. Mama mtu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Thongsai akamuuliza, "Ulimwahidi nini Babu?"

Akamwambia, neno kwa neno.

Thongsai akakaa chini palepale, juu ya kuku. Kuku akapona, msijali.

"Siku ya kwanza?" akasema. "Mke wangu, umesahau mkanda ule ukoje?"

Umekaaje, basi nikwambie. Kila ulipokatika, Thongsai alikata kipande kilichochanika, akagundisha ncha mbili, akaendelea. Mara sitini na tatu. Bibi arusi alikuwa anaingia mlangoni na kutokea mtoni. Jambazi alikufa kabla hajapigwa. Bualai ndiye aliyeziba mapengo kwa maneno, na kila mwaka maneno yakazidi kunoga, hata mashimo tukayapenda. Na rangi? Rangi zote zilikuwa zimekimbia ikabaki moja, ile ya juisi ya tikiti. Mbingu ya tikiti, nyati wa tikiti, bibi arusi wa tikiti. Tulishazoea, tukawa tunaamini gauni lake ni la waridi.

"Babu ataelewa," nikasema, ili niseme kitu.

"Ataelewa nini, dada?" Bualai akajibu. "Nimemwambia hata unywele."

Siku ya tatu Wichian akashikwa na homa. Muuguzi wa zahanati akatoa vidonge, akasema ni lile bwawa. Bualai akavipokea vidonge lakini maneno yale hakuyaamini. Mzee Sing, mtunzaji wa kijumba, akaja akasimama mlangoni, hakuingia. "Babu ameahidiwa," akasema. "Anasubiri." Kisha akaondoka zake. Sote tulimjua mtu aliyeahidi vichwa tisa vya nguruwe akatoa vinane. Sitasema kilichompata. Hadi leo hapiti karibu na kioo.

Bahati ni kwamba Thongsai hakuwahi kutupa kitu. Vile vipande alivihifadhi kwenye kopo la biskuti, vimechanganyikana kama minyoo. Wakavimwaga juu ya mkeka. Navyo vilikuwa vya tikiti, lakini vilikuwepo. Kazi ni kujua kipi kinaenda wapi. Bualai akawa anainua kimoja kimoja kwenye jua, midomo inamchezacheza. Macho yake hayakukijua, lakini mdomo ulikijua. "Hapa mama mkwe anasema, rudisha sinia langu. Hiki ni cha kabla ya mafuriko." Thongsai anagundisha. Ndani, Wichian anatetemeka mpaka mikeka inasikika. Kila akikohoa, vidole vya mama vinaruka na kipande kinadondoka, anaanza upya.

Siku mbili. Homa haikushuka. Siku ya pili mchana Bualai akasema, "Vipo sitini na viwili."

"Hesabu tena," Thongsai akasema.

"Nimehesabu mara nne. Hayupo bwana arusi akigeuka. Pale pa kuaga. Nina maneno yake, lakini yeye sina."

Wakapekua godoro, chungu cha mchele, viota vya kuku. Nilikuwa nimekaa ngazini natafuna tambuu, na tambuu ikawa chungu.

"Bualai, mdogo wangu," nikasema. "Ukitaka kunipiga, nipige mgongoni. Meno yamebaki manne na yote nayatumia."

Nikafungua kijaluba changu cha tambuu, kile ninachokifunga kiunoni, nikainua chokaa na majani, na chini kabisa, ndani ya kitambaa cheusi, nikatoa mkanda wa urefu wa mkono. Niliuokota siku ile ulipokatika, mwaka wa pili wa picha. Marehemu mume wangu alikuwa na sura ya kiazi, na yule bwana arusi alikuwa na shingo nzuri. Sina utetezi mwingine.

"Miaka ishirini na minane," Bualai akasema taratibu. "Ulikuwa unanibishia mtoni kila asubuhi, na kipande kiko kiunoni mwako."

"Ndiyo."

"Mwanangu akifa, dada, nitakuja kulala kwako, nikulilie sikioni mpaka ufe."

"Njoo na mto wako," nikasema, lakini sauti ilinitoka ndogo. Akakiinua juani. Akakitazama muda mrefu kuliko vingine vyote, kisha akampa mumewe.

Jua lilipozama walitundika turubai. Wichian aliletwa amebebwa kwenye mkeka, amefunikwa mablanketi mawili kwenye joto lile la mwezi wa nne. Jenereta likakohoa. Picha ikaanza, ya tikiti, ikigongagonga kila ilipofika kwenye kiungo, na kila ikigonga Thongsai alifumba macho. Sauti ya Bualai ilikuwa inatetemeka, jambazi analia kama mwanambuzi. Hakuna aliyecheka. Tukafika pa kuaga.

Basi, hapo ndipo kijiji kizima kilipoinuka. Rangi zikaja. Labda kile kijaluba, labda chokaa, mimi sijui. Majaruba yakawa ya kijani mpaka ukasikia harufu ya maji. Gauni la bibi arusi lilikuwa buluu. Buluu, wala si waridi, na bwana arusi akageuka, na bata akapita nyuma yao, mweupe, mdomo wa manjano.

Na Bualai akanyamaza. Miaka thelathini mdomo ule haukuwahi kunyamaza mkanda ukitembea. Sekunde tatu tu, au tuseme nne. Kisha tikiti likarudi, naye akaendelea, na sauti haikutetemeka tena.

Picha ilipokwisha Mzee Sing akachota mchele kwenye sahani ya sadaka ili amuulize Babu. Punje zikiisha mbilimbili, Babu ameridhika. Akazipanga kwenye jani la mgomba. Mbili, mbili, mbili. Ikabaki moja.

"Mzee," nikasema, "ile iliyoganda kwenye gumba lako huihesabu?"

Akatazama gumba lake. Kweli, palikuwa na punje. Akaiweka. Zikawa jozi. Imefikaje pale usiniulize, nilikuwa nimempa mkono wa pole muda si mrefu.

Kabla hatujakunja turubai, Wichian alitupa mablanketi, jasho linamchuruzika, akauliza kama kuna saladi ya papai. Bualai akamwangalia, akaniangalia mimi, akaenda kando kukojoa kwa sababu alikuwa ameubana mkojo tangu alasiri.

Nilikiomba kipande changu. Walininyima. Kimebaki ndani ya picha, na Bualai hakuwahi kukitilia neno, kila mara ananyamaza hapo. Nimeshaitazama mara arobaini sasa. Na nimeanza kuona kwamba yule bata anachechemea.