Bibi wa Timu Yangu ya Kuogelea

Mimi ni kocha wa kuogelea katika chuo kimoja karibu na Kenton, kaskazini-magharibi mwa London, lakini naishi Peckham, upande wa pili kabisa wa mji. Watu wakisikia hivyo hunionea huruma. Mimi sijionei. Asubuhi nikitoka nyumbani, maduka ya vyakula vyetu bado hayajafunguliwa na wauza nywele za bandia ndio kwanza wanapandisha milango. Nakaa kwenye treni na chupa yangu ya chai, nabadilisha, nakaa tena, na nikiteremka nakuta watu wengine, maduka mengine, na harufu ya binzari mlangoni kwa kila jirani. Najiona kama mtu aliyesafiri nchi mbili kwa tiketi moja.

Sikuja hapa kuwa kocha. Nilikuja kumfuata mume wangu, ambaye anaendesha basi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani, kama nusu ya wanawake ninaosali nao. Ila nimekulia Mwanza, nyumba yetu ikitazama ziwa, na kaka zangu walinifundisha kuogelea kabla sijajua kusoma. Siku moja nilimpeleka mwanangu kwenye bwawa la mtaa. Nilipoona maji ni ya uvuguvugu sikuamini, nikaingia na mimi, nikawa naenda na kurudi, naenda na kurudi, kwa raha tu. Mwanamke aliyekuwa akifundisha watoto pale alinifuata alipomaliza kipindi chake.

"Ulijifunzia klabu gani?" aliniuliza.

"Klabu ya kaka zangu," nikamwambia.

Alicheka, kisha akanieleza kwamba bwawa linatafuta waokoaji na mafunzo yanatolewa pale pale. Nikajiandikisha. Kutoka uokoaji nikaingia kufundisha watoto, kutoka watoto nikasomea ukocha, na chuo kilipotangaza nafasi ya kocha wa timu, niliomba bila matumaini makubwa. Nikaipata. Baadaye mkuu wa michezo aliniambia, kwa upole, kwamba hakukuwa na mwombaji mwingine.

Nilielewa kwa nini nilipoiona timu. Walikuwa vijana wazuri, wenye adabu, na walikuwa wa mwisho katika kila shindano waliloingia. Walichelewa mazoezini, wakaondoka mapema, na wakishindwa walipeana mikono na wapinzani kwa uchangamfu uliozidi wa washindi wenyewe. Nilianza nao pole pole. Niliwafundisha kugeuka ukutani, kupumua pande zote mbili, kuacha kutazama aliye njia ya jirani. Walikuwa wananisikiliza vizuri, halafu wanakwenda kushika mkia kama kawaida.

Sehemu ya kazi yangu ilikuwa pia kufundisha kipindi cha jioni cha wanawake wa mtaani, mara moja kwa wiki. Huko ndiko mambo yalikobadilika, na chanzo ni ulimi wangu. Nina tabia moja: nikichangamka, Kiingereza kinanikimbia. Jioni hiyo wanawake walikuwa wameshika ukingo wa bwawa, wanajifunza kupiga miguu, na walikuwa wakipiga kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto. Nikajisahau.

"Pigeni miguu jamani, pigeni miguu!"

Wote waligeuka kuniangalia, hawajui nimesema nini. Kutoka njia ya kwanza, kando ya ukuta, sauti moja ikajibu kwa Kiswahili.

"Mimi napiga, mwalimu. Lakini hii mguu hapana sikia."

Alikuwa mama wa Kihindi, mtu mzima sana, mwembamba, amevaa kofia ya zambarau na vazi la kuogelea lililomfunika hadi vifundo vya mikono na miguu. Nilichuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama. Kiswahili umejifunzia wapi?"

"Hiyo shikamoo sisi hapana sema," alijibu. "Mimi mtu ya Kisumu. Baba yangu alikuwa na duka ya nguo kule. Wewe wapi?"

"Mwanza."

"Basi wewe jirani. Ziwa moja tu iko katikati."

Baada ya kipindi alinisubiri kwenye benchi, taulo mabegani, akanieleza kilichomleta. Utoto wake wote aliishi karibu na ziwa bila kuingia majini, maana kwao wasichana hawakuogelea.

"Kaka zangu wanaingia, mimi nashika viatu yao," alisema. "Halafu tunakuja London, mimi na mzee yangu, bwana yangu, tunafungua duka hapa Kenton. Watoto wanajifunza kuogelea, mimi nashika taulo yao. Sasa mjukuu yangu iko kwa timu yako, na mimi nashika begi yake. Mwalimu, nimechoka kushika vitu."

Mjukuu huyo nilimfahamu vizuri. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwogeleaji wangu pekee wa mtindo wa chali. Kesho yake alinijia kabla ya mazoezi na kuniomba kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, nisimwache bibi yake azame. Nikamwahidi.

Ahadi ilikuwa rahisi, kwa sababu bibi mwenyewe hakukubali maji yapite shingo. Miguu alianza kuipiga vizuri. Kuelea chali alijifunza upesi kuliko wenzake wote, akisema ni kama kulala kitandani ila bila mto. Lakini kutia uso majini alikataa katakata. Wiki zikapita. Nilijaribu kumhesabia, nikajaribu kutia uso wangu pamoja naye, nikamnunulia miwani mipya. Hakuna kilichosaidia. Mwishowe nilimwuliza hasa anaogopa nini.

"Huko chini lazima funga mdomo," alisema. "Mimi hapana weza nyamaza."

"Nani kasema unyamaze? Ongea huko huko ndani."

"Niseme nini?"

"Chochote, mama. Hata ukitaka kunitukana, nitukane."

Alifikiri kidogo, akavuta pumzi, akazamisha uso. Mapovu yakatoka kama sufuria inayochemka. Alipoinuka alikuwa anacheka hadi akashika ukingo.

"Nimesema maneno mbaya sana," aliniambia.

"Kunihusu mimi?"

"Hapana. Kwa marehemu mzee yangu. Kila mwaka nilimwambia nataka jifunza, kila mwaka yeye alisema mwaka kesho."

Akashuka tena chini, akamwongezea mengine.

Kuanzia hapo akawa anakuja mapema, anakaa benchini kutazama timu ikifanya mazoezi, na hakuwahi kuja mikono mitupu. Alileta chevda, ule mchanganyiko mkavu wa Kihindi wa dengu na karanga, aliyoikaanga mwenyewe, na mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa pilipili na ndimu. Nilimpa sharti moja tu, kwamba hakuna kula kabla ya kuogelea. Yeye akaongeza lake: aliyechelewa hapati. Katika muda mfupi timu yangu, ambayo nilikuwa nimeisihi kwa kila lugha niijuayo, ikawa inafika kabla yangu. Wakaanza kumwita bibi, wote, hata wale wasiojua neno hilo limetoka wapi. Kuhusu kuogelea hakuwafundisha kitu, maana hakukijua. Alichokijua ni nani kaamka vibaya, nani kagombana na nani, na alikuwa akiniambia kwa Kiswahili mbele yao bila wasiwasi, nami napanga njia kulingana na habari.

Katikati ya mwaka mjukuu wake alikuja ofisini kwangu. Alisema ameamua kuacha timu. Mitihani ilikuwa karibu, na alichoka kugusa ukuta wakati wenzake wameshavaa taulo. Sikubishana naye. Nilimwambia namwelewa, ila habari hiyo ampelekee bibi yake mwenyewe, sio mimi. Tulikwenda naye hadi benchini. Alimweleza kwa Kigujarati. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa utulivu, kisha akamjibu kwa Kigujarati, na kwa heshima yangu akarudia kwa Kiswahili.

"Nimemwambia, wewe acha, hapana shida. Mimi naendelea. Sasa wewe utashika taulo yangu."

Msichana midomo ilimchezacheza. Hakucheka mbele yetu. Lakini wiki iliyofuata alikuwa majini kabla ya wote, na neno la kuacha sikulisikia tena.

Majira ya kuchipua yalipofika, ilikuwa zamu ya chuo chetu kuandaa mashindano. Vyuo vya jirani vilikuja, wazazi wakajaa kwenye viti, na ukumbi ukawa na joto na kelele kama jikoni penye sherehe. Mkuu wa michezo alikuwa amependekeza kwamba katikati ya mashindano kuwe na mbio za kupokezana za kufurahisha watu, kila timu ichanganye wafanyakazi na wanafunzi wa jioni. Bibi alikuwa wa kwanza kujitokeza. Alitaka kuogelea zamu ya mwisho, kwa sababu, alisema, akiwa wa mwisho hakuna atakayemsubiri.

Alipoingia majini, timu nyingine zilikuwa tayari zinakaribia ukuta. Aliogelea vizuri, uso ndani, mapovu mengi, mpaka kama nusu ya bwawa. Hapo akaacha kupiga mikono. Nikasogea ukingoni, miguu tayari. Lakini yeye aligeuka tu chali, akaelea, kofia yake ya zambarau ikitazama dari.

"Mwalimu," aliita, "mimi nimechoka kidogo."

"Pumzika, mama. Niko hapa."

"Wengine wamemaliza?"

"Wamemaliza zamani."

"Basi hapana haraka."

Hakuna aliyeelewa maneno, ila sauti yake ilitosha. Watu walianza kucheka, kisha kupiga makofi taratibu. Alipopata pumzi aligeuka tena na kuendelea. Alipogusa ukuta, timu yangu yote ilikuwa imejipanga pale kumvuta, na mjukuu wake alikuwa mbele ameshika taulo kwa mikono miwili. Mimi nilijifanya narekebisha filimbi yangu shingoni, kwa kuwa machozi yalishaanza kunitoka na nilikuwa na mashindano ya kuendesha.

Saa iliyofuata, timu yangu iliogelea kama sijawahi kuiona. Sitaki kutia chumvi: hatukushinda. Tulikuwa wa tatu, na nyuma yetu kulikuwa na vyuo viwili vizima vilivyokuja kwa basi lao wenyewe. Msichana wa chali alimpita mtu. Alipotoka majini aliniuliza mara mbili kama ni kweli, nikamwonyesha ubao wa matokeo. Vijana walipeana mikono na wapinzani kama kawaida yao, ila safari hii nilimwona mmoja wao akitembea kifua mbele hadi chumba cha kubadilishia nguo.

Muhula uliofuata, kipindi cha jioni kilijaa. Akina mama wa Kenton waliokuwa wamekaa siku ile kwenye viti walikuja na mawifi zao na majirani zao, na chuo kikaniongezea siku ya pili. Nami nikapata ujasiri wa kuwakabili wanawake ninaosali nao Peckham, wengi wao Wakongomani wa mashariki, watu wa kazi za kutunza wazee na za usafi, ambao kila nilipowatajia maji walisema watakuja, wakaishia kusema. Nilikodi saa moja ya Jumamosi kwenye bwawa la mtaa wetu, na nikamwalika bibi aje aonekane.

Alivuka mji mzima kwa treni, na mihogo yake ndani ya mkoba. Wakongomani walimsikiliza akisalimia, wakatazamana.

"Ile mama inasema Kiswahili ya wapi?" mmoja aliniuliza pembeni.

Bibi naye alinivuta mkono. "Hawa watu, hii Kiswahili yao wamenunua wapi?"

Nilishindwa kuamua nani nimjibu kwanza. Dakika chache baadaye walikuwa wote majini hadi kifuani, wameshikana mikono duara, kila mmoja akimsahihisha mwenziwe maneno, na hakuna aliyekumbuka kuogopa. Ilibidi nipulize filimbi mara kadhaa ndipo somo lianze.

Tulipomaliza, bibi alitaka kuliona soko. Tukapita duka baada ya duka. Alipapasa ndizi, akanusa samaki wakavu, akamwambia muuzaji kwamba mihogo yake ni midogo, na akainunua hata hivyo. Nilimsindikiza hadi stesheni nikimbebea mifuko.

"Jumamosi ijayo saa ngapi?" aliuliza.

"Saa ile ile, mama."

"Mimi nitakuja mapema kidogo. Yule mnene iko na mguu nzuri, lakini anaogopa."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nywele zangu bado zinachuruzika. Mume wangu alikuwa na mapumziko siku hiyo na alikuwa amepika ndizi kwa nyama. Nikakaa, nikala sahani mbili.