Mama Masika na Kivimbe cha Juu ya Mtulinga

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha afya huko Bungulu, mjini Beni, nilikuwa ninaandika kwenye karatasi bila kumtazama mgonjwa aliyeketi mbele yangu. Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, alikuwa mzee mpole aliyetumwa kwetu kutoka Kasaï. Alininyang'anya kalamu.

«Kavira, ile karatasi haina homa. Mugonjwa njo iko na homa. Mushike kwanza.»

Ndiye aliyenifundisha kutafuta ganglio kwa vidole. Ni tezi ndogo kama maharagwe, ziko shingoni, kwapani na kinenani, nazo hunasa maradhi yanayopita mwilini. Zikivimba, usimwache mgonjwa aende bila kutafuta sababu.

Baadaye nilihamishiwa Butembo, kwenye wodi ya wamama. Huko Médecin Directeur, yaani daktari mkuu wa hospitali, mtu mfupi mwenye kupenda chai ya tangawizi, alitueleza kansa ya shingo ya kizazi, yaani mlango wa chini wa tumbo la uzazi. Mwanzoni haiumi. Huanza kwa kula majirani zake: uke, kibofu, njia ya haja kubwa. Kisha chembe zake huingia katika mishipa ya limfu, ile inayounganisha ganglio, zikapanda kutoka ganglio za nyonga hadi zile za mgongoni, na wakati mwingine hadi juu ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa ulio chini ya shingo. Zikiingia katika damu, hufika mapafuni, kwenye ini, hata mifupani. Kuhama huko huitwa metastazi.

Nilikuwa nimeyasikia hayo mara nyingi. Niliyaelewa siku alipokuja Mama Masika.

Alikuwa mkulima kutoka Kasugho, mwenye mihogo yake na maneno yake ya kuchekesha. Alikohoa, na mgongo ulimuuma. Mahali fulani alikuwa amepewa dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Nilimshika shingo. Juu ya mtulinga wa kushoto vidole vyangu vilikuta kivimbe kigumu, kisichouma.

«Mama, unatokaka damu wakati haiko ya mwezi?»

Aligeukia ukuta. «Ile nayo ni magonjwa? Nilizani ni buzee njo inakuya.»

Directeur alimpima, akachukua kipande kidogo cha nyama ya shingo ya kizazi, tukapiga picha ya kifua. Majibu yalipofika alituita sisi wauguzi.

«Hii hapana kansa ya mapafu,» alisema. «Ni ileile ya kizazi, imehamia mu mapafu na mu mifupa ya mugongo. Musichanganye.»

Mama Masika mwenyewe ndiye aliyeuliza. «Docteur, nambie bien, usinifiche. Nitapona?»

Directeur alivua miwani, akaketi kitandani kwake. «Mama, kuifukuza yote hatutaweza. Lakini maumivu, ile tutapigana nayo.»

Mama Masika alimshika Directeur mkono. Nilidhani angelia. «Na babinti yangu?»

Directeur alimweleza kwamba ugonjwa huu hutokana na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na kwamba huchukua miaka kabla ya kuwa kansa. Tukipaka siki ya hospitali kwenye shingo ya kizazi, sehemu mbaya hugeuka nyeupe. Huchomwa kwa baridi kali, na mara nyingi mambo huishia hapo.

Tulimpa morfini ya kunywa. Akaanza kulala, akapata nguvu ya kuucheka ugali niliompikia. Kisha akarudi nyumbani.

Wiki chache baadaye nilimwona akishuka kwenye gari, ameegemea bega la kifungua mimba wake. Nyuma yake walishuka binti zake wengine, wadogo zake, jirani, hata wifi asiyepatana naye.

«Mama infirmière,» aliniita kwa sauti, «nimekuletea bagonjwa benye bado kugonjwa!»

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na hayakuwa ya kicheko tu. Wote walikuwa wazima isipokuwa Kahindo, binti yake wa pili. Kwake siki ilionyesha doa jeupe. Tulimtibu siku hiyohiyo. Mama yake, mgongo ukimuuma, alikataa kuketi. Alisimama akimshika mkono hadi mwisho.

Mama Masika alifia nyumbani, kimya, wanawe wakiwa karibu. Nilipopata habari nilimwambia Directeur, «Tulichelewa.»

«Kwa Masika tulichelewa,» alijibu. «Kwa Kahindo tulifika. Usisahau moja kwa sababu ya ingine.»

Sasa nimestaafu. Vijana mnaovaa blouse nyeupe za wauguzi leo mna mashine tusizokuwa nazo, na ninafurahi. Lakini muulizeni mama kuhusu damu, hata kama amekuja na kikohozi. Muulizeni kwa upole, mlango ukiwa umefungwa.

Mwezi uliopita Kahindo alikuja Butembo kupimwa tena. Yuko mzima. Alifika kwangu na mawifi zake watatu, wakaketi wamebanana kwenye kiti kimoja, wakiogopa.

«Mama Kavira, bananiuliza kama inaumiza,» alisema. «Nimebaambia baulize weye.»

Niliwajibu haiumizi sana. Kisha nikavaa viatu, nikawapeleka hospitali mwenyewe.