Hedifoni Mbili na Laini ya Kondoa

Zipora alikuwa na jina lake, lakini kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyelitumia kazini. Kwenye swichibodi ya simu za mbali maopareta waliitana kwa majina ya miji. Aliyekaa Singida aliitwa Singida, wa Morogoro aliitwa Morogoro, na yeye, binti wa wakulima wa mtama kutoka Mvumi, alikuwa Dodoma.

Kondoa alikuwa Evelina. Waliongea kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa, wakapeana habari za uzazi, za njaa na za waume, na hawakuonana hata mara moja. Kisha zikaja mitambo ya kujiunganisha yenyewe, pamoja na maneno mapya ya ubinafsishaji, na maopareta wakapunguzwa kwa barua ya aya tatu. Mwaka uliofuata Zipora alikuwa uani akipepeta mtama, redio ikisoma matangazo ya vifo, akasikia ikitajwa Kondoa, akasikia Evelina, aliyewahi kuwa opareta wa simu. Ndipo kwa mara ya kwanza alipolijua jina la baba yake Evelina.

Kiinua mgongo kilipotoka, mwaka 2002, alifungua chumba cha gemu pale Miyuji. Majirani walicheka sana. Mama wa miaka hamsini na mbili, mwanakwaya, na kompyuta nne kuukuu zinazopiga bunduki kutwa nzima! Lakini vijana walijaa. Walikuwa na lalamiko moja tu: spika nne zikilia pamoja, hakuna anayesikia hatua za adui anayemnyemelea. Walitaka hedifoni. Zipora alilichukua jambo hilo kwa uzito. Kama kulikuwa na kitu kimoja alichokijua vizuri duniani, ni hedifoni.

Duka la Respicius, kijana wa Kihaya, lilikuwa Barabara ya Sita. Asubuhi ile ya Agosti upepo ulikuwa unasukuma vumbi kupitia chini ya mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia unazo aina mbili."

"Mbili tu, lakini za uhakika." Akaziweka mezani, moja nyeusi, nyingine ya kijivu. "Hii nyeusi imetoka Dubai. Na hii ya kijivu, nayo imetoka Dubai."

"Nyie Wahaya! Kila kitu chenu kimepanda ndege."

"Si kimefika, mama?"

Alianza na waya. Waya wa hedifoni hukatikia shingoni, pale unapoingia kwenye pini, kwa hiyo aliukunja pale, wa kwanza na wa pili, akausikiliza kwa vidole. Nyeusi ilikuwa imara. Ila mito yake ya ngozi bandia ingewatoa vijana jasho la masikio. Ya kijivu ilikuwa na sifongo jepesi la kuchakaa upesi, lakini haikubana kichwa, na mkono wa maiki yake ulikaa pale ulipowekwa.

Respicius akachomeka nyeusi, akawasha gemu. Zipora akafumba macho. Hatua kushoto. Hatua kulia. Mlipuko.

"Besi nyingi mno," akasema. "Bomu nalisikia mpaka kwenye meno, lakini mtu akiongea kama yumo ndani ya pipa."

"Vijana wanapenda bomu, mama."

"Lete hiyo nyingine."

Respicius akachuchumaa nyuma ya kompyuta kubadilisha waya. Zipora akaivaa ya kijivu kama alivyozoea, kushoto kwanza, maiki vidole viwili kutoka mdomoni.

Mvumo ulikuwepo tayari. Haukuwa wa gemu. Aliujua: ile pumzi ndefu ya nyaya zinazopita juu ya nguzo kwenda kaskazini, na kale kamlio kadogo kila upepo unapozibembeza. Halafu mtu akakohoa.

"Dodoma, upo?"

"Nipo, Kondoa. Lete."

Maneno yalitoka kabla hajayafikiria. Alipokuwa mtoto, bibi yake alimwonya kwamba akiitwa na asimwone anayemwita, anyamaze, maana anayeitika amekubali kwenda. Lakini kazi ilimfundisha kuitika kabla ya mlio wa pili, na kazi alikuwa ameifanya kwa miaka mingi kuliko aliyoishi na bibi.

Respicius akainua kichwa. "Umesemaje, mama? Subiri kwanza, sijachomeka."

Pini mbili za waya wa kijivu, ya kijani na ya waridi, zilikuwa mkononi mwake.

Zipora hakuivua.

"Dodoma," Evelina alisema kwa sauti ya kazi, bila salamu, kama zamani kulipokuwa na foleni, "nina mteja wako hapa. Anakuulizia kwa jina."

"Mteja gani?"

"Hajajitambulisha. Anamtaka Zipora. Nikuunganishe?"

Katika miaka yote ile Evelina hakuwahi kumwita Zipora. Alielewa ni simu ya namna gani, na kwamba akisema ndiyo hatatoka dukani humo kwa miguu yake. Angeweza kuivua na kukimbia. Lakini alijua pia utaratibu ulivyo: opareta asipojibu, mteja hupelekwa kwa anayekaa kiti kinachofuata.

"Hebu nami nisikilize," Respicius akasema, mkono umeshafika kwenye hedifoni. "Isije ikawa mbovu."

Zipora akaudaka mkono ule kwa nguvu hata kijana akashtuka. Kisha akatoa jibu la pekee ambalo opareta anaruhusiwa kulitoa asipotaka kumuunganisha mteja.

"Laini inatumika, Kondoa. Mwambie asubiri."

Upepo ulivuma kwenye nyaya.

"Haya, Dodoma. Anasubiri."

Akaivua taratibu. "Nifungie nyeusi nne. Na hii ya kijivu. Unazo nyingine kama hii?"

"Imebaki hiyo moja ya kuonyeshea. Lakini mama, si umesema nyeusi ndiyo umechagua? Hii ya nini tena?"

"Ya ofisini."

Vijana wa Miyuji walizifurahia nyeusi, na bomu lao. Ya kijivu hakuna aliyeiona. Ilikaa kabatini, ufunguo ukiwa shingoni mwa Zipora, maana asingeweza kuitupa mahali ambapo mtu angeiokota na kuijaribu. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa wateja aliivaa, waya ukining'inia bure, akauliza kama mteja bado yupo. Evelina alimjibu kwamba yupo. Naye akasema laini inatumika. Hata siku za malaria alijikokota mpaka kabatini, akitetemeka, kwa kuwa hakujua mteja huvumilia muda gani bila kuambiwa neno.

Mvua za kwanza zilipoanguka alithubutu kuuliza alichokuwa anakiogopa miezi yote ile.

"Kondoa, mteja wangu halalamiki?"

"Hapana," Evelina akasema. "Anasema hana haraka."