Wimbo wa Pili Alioujua Kathure

Nakumbuka Jumapili moja pale Kangeta, mwanangu, rafiki yangu Mutembei alipopendekeza tumwite Kathure atuamulie ubishi wetu, nami nikakubali. Laiti ningekataa.

Tulikuwa walimu vijana wa shule ya msingi, miaka michache baada ya uhuru. Mzungu mmoja aliyefundisha sekondari alipohama alimwachia Mutembei gramafoni ya betri na santuri za roki. Sisi tuliolelewa kwa nyimbo za kanisani tukazipenda kupita kiasi. Ubishi wetu ulikuwa mmoja: santuri ipi ina wimbo wa pili mzuri kuliko zote? Wimbo wa kwanza, Mutembei alikuwa akisema, umewekwa kumvuta mnunuzi. Wa pili ndio unaoonyesha kama bendi ina kitu. Yeye alikuwa na wake, mimi na wangu, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Kathure nilikusudia kumwoa. Baba yake alikuwa ameshapelekewa habari kwamba wiki hiyo wajomba zangu wangefika na kitita cha miraa teule, kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kama desturi yetu ya kuomba binti inavyotaka. Mutembei ndiye angekibeba.

Basi Kathure akaja, akaketi kwenye kiti kimoja tulichokuwa nacho.

"Nyinyi walimu hamna kazi ya kusahihisha?" akauliza.

"Kazi ni hii," Mutembei akamjibu. "Sikiliza tu, halafu useme ukweli. Usimwonee huruma huyu kwa sababu ya miraa yake."

Tukaanza na wangu. Akasikiliza kwa adabu, kama mtu aliye ibadani. Kisha ukawekwa wa Mutembei. Gitaa lilikuwa bado halijaingia, na Kathure tayari anauimba mdomo ukiwa umefumbwa, sauti kwa sauti, bila kukosea.

"Huu," akasema.

Mutembei akacheka hadi akashika ukuta. Mimi pia nikacheka, huku namtazama Kathure. Msichana huyu hana gramafoni. Kwao hakuna hata redio. Gramafoni iko hapa, chumbani kwa Mutembei. Ameusikia wapi?

Sikuuliza. Nilianza kuchunguza. Mutembei akimsalimu, nahesabu maneno. Kathure akipita barabara ya shule, natazama kama atainua macho kwenye dirisha la chumba cha Mutembei, kule ghorofani. Aliinua, nami nikajiambia nimepata ushahidi. Siku ya kitita ilipofika, niliwaambia wajomba wasiende, nikakataa kutoa sababu. Baba yake Kathure alikuwa amewakusanya ndugu zake tangu asubuhi. Walikaa hadi jioni wakitazama njia. Kwetu, kutuma habari kisha usitokee ni kumtukana mwenye boma mbele ya watu wake.

Baadaye nilipeleka suruali kwa mama fundi aliyekuwa na cherehani zake barazani, chini ya dirisha la Mutembei. Alikuwa akishona huku anauimba wimbo uleule, mdomo umefumbwa.

"Mama, huo umeutoa wapi?"

"Kwa mwenzako wa hapo juu. Kila jioni akisahihisha madaftari ni huo huo. Wasichana wangu wote wanaujua. Kathure alipokuwa akijifunza kushona hapa ndiye alikuwa akituongoza."

Nilikimbia kwao Kathure. Baba yake hakunikaribisha ndani. Alikuwa ameshapokea kitita cha watu wengine, na Kathure hakutoka kuniona. Mutembei, aliyekuwa ametambua kwamba nilimshuku, aliomba uhamisho, akaenda kufundisha mbali, Siakago. Nilimfuata huko. Alinipa kiti na chai, akaniita Bwana Mwalimu, jina ambalo hakuwahi kuniita. Nikajua yamekwisha.

Wewe ninayekuita mwanangu ingawa sikukuzaa, shaka ikikuingia, iulize siku hiyohiyo, kwa mdomo, mbele ya mhusika. Ukiilisha kimya itakuonyesha ushahidi kila mahali. Mimi nimeishi nayo mpaka imenizoea: hadi leo nikiona watu wawili wakicheka, nataka kujua wanacheka nini.

Mungu akupe ujasiri wa kuuliza mapema, na akujalie watu wa kukujibu kweli. Uzae, uzeeke ukiwa umezungukwa na watu wako. Mimi kwa kunyamaza kwangu nilimkosa mke niliyempenda, nikampoteza rafiki ambaye hakunikosea lolote, na sikuoa kamwe.